Besi ya Wekulo Katika Sekunde Kumi na Mbili

Saa nane mchana, Jumamosi. Soko la mbuzi la Kiamaiko, Nairobi, limepungua kelele, na hapo ndipo Kavinya Muasya hufunga dirisha la chumba chake, akatundika blanketi mlangoni na kuinua kidole. Wanawake watatu wa kwaya wananyamaza. Anabonyeza kitufe cha kinanda, mmoja wao anapiga kigelegele, na kabla hajafika nusu Kavinya anatikisa kichwa.

"Kirefu. Nipigie kifupi, hicho hakiingii."

"Kigelegele kifupi ni cha arusi gani, Mama Ndete?" mwanamke anauliza, akimwita kwa jina la bintiye, na chumba kizima kinaangua kicheko.

Kavinya, miaka thelathini na sita, ni karani wa kupiga taipu katika ofisi ya wakili kule Makadara. Mwisho wa juma hutengenezea kwaya za Eastlands muziki, kitanda kikiwa kimesukumwa ukutani. Kinanda chake cha umeme alikinunua mwaka 1993 kutoka kwa mwanamuziki wa hoteli, shilingi elfu thelathini na nane, akilipa kidogo kidogo kwa miaka miwili.

Kina ngoma na filimbi zake, lakini pia hunasa sauti yoyote inayopita kwenye maikrofoni, kisha ukaipiga kwa vidole. Tatizo ni nafasi. Kinashika sekunde kumi na mbili, zote kwa jumla. Ukilazimisha ishirini na nne, mtu husikika kama anayeongea ndani ya debe. Stima ikipotea husahau kila kitu, hadi kilishwe upya kutoka kwenye disketi.

"Watu hudhani ni kama kaseti," anasema. "Kaseti ni gunia. Hiki ni kibaba."

Alikijua kibaba hicho vizuri Februari mwaka jana, 1996.

Patrobas Wekulo, mwendesha mashine katika kiwanda cha sabuni, alikuwa ameimba besi kanisani kwao kwa miaka kumi na tisa. Kiwanda kilipunguza wafanyakazi, naye akapewa barua. Angepanda basi la kurudi kwao Kimilili, magharibi mwa nchi, siku ya Jumatatu. Kwaya yao, isiyo na besi mwingine, ilikuwa imerekodi nyimbo sita kati ya kumi za kaseti.

"Si kinanda chako kinanasa sauti?" mwalimu wa kwaya alimwambia Kavinya. "Mnase mzee, tubaki naye."

"Nilikubali upesi," anakumbuka. "Nilikuwa nimeahidi kuteka maji kwa pakacha."

Wekulo alifika Jumamosi akiwa amevaa suti yake ya kanisani, akasimama kando ya jiko na kuimba "ooo" moja nene. Kavinya akaipiga. Palepale ilikuwa yeye mwenyewe. Lakini alipopanda vibonye vitano juu, sauti ilienda mbio, ikawa ya ndama. Aliposhuka, ikawa ya mlevi anayesinzia.

Hivyo ilibidi Wekulo aimbe noti nyingine, na nyingine, kila moja itumike kwa vibonye vichache tu. Kila noti ilikula sekunde zake. Maneno yaliachwa nje kabisa. Noti ya nne, tena iliyokuwa nzuri kuliko zote, iliharibiwa na mbuzi aliyelia nyuma ya ukuta, wakaanza upya.

Walipomaliza, Wekulo alikiinamia kinanda kama mtu anayechungulia kisima.

"Dada, sasa niko humo ndani?"

"Kipande tu, ndugu yangu."

"Kipande gani?"

"Kile kisicho na maneno."

Alicheka, akafuta jasho. "Basi huyo si mimi. Muulize mke wangu."

Mkewe, Triza, alibaki Nairobi ili watoto wamalize muhula. Wiki mbili baadaye Kavinya alimwita asikilize wimbo wa saba, besi ikitoka kinandani. Triza alisikiliza hadi mwisho, mikono mapajani.

"Hapumui," alisema.

"Nani?"

"Huyu. Wekulo akifika pale katikati huvuta pumzi. Mimi humsikia kila Jumapili. Huyu hapumui, Mama Ndete. Ni kama mmemfunika na mto."

Jumamosi iliyofuata Kavinya aliiambia kwaya kwamba hataitia sauti ile kwenye kaseti.

"Kwa hivyo tuimbe bila besi, kwa miguu mitatu?" mwalimu alifoka. Wengine waliondoka wamenuna.

Aliyebaki ni Mulama, fundi viatu, mwimbaji wa teno. "Nipigie ile ya chini kabisa," aliomba. Akaifuata kwa koo lake, akaikosa, akakohoa. Wiki iliyofuata alirudi mapema kabla ya wenzake, na iliyofuata tena. Kavinya hakumfundisha lolote. Alishikilia kibonye tu, na Wekulo akaimba noti ileile mara mia bila kuchoka.

Jumamosi ya tatu, katikati ya wimbo wa nane, Kavinya alianza kupunguza sauti ya kinanda taratibu. Mulama alikuwa amefumba macho. Alipoyafumbua aliona mikono ya Kavinya imekaa mapajani.

"Mbona umeacha?"

"Nimeacha tangu ubeti wa pili."

Mulama alikaa kitandani. Nyimbo zote nne zilizobaki zilirekodiwa kabla ya Pasaka, na besi yote ni yake.

Mwezi uliopita barua ilifika kutoka Kimilili. Wekulo ameanzisha kwaya ya watu tisa katika kanisa lisilo na stima, na anamwomba Kavinya akawarekodi. Pesa alizokuwa akidunduliza ili akiongezee kinanda kumbukumbu, Kavinya amezitumia kununua rekoda ya betri na maikrofoni mbili. Kinanda hakitasafiri.

"Nataka waimbe ubeti wote, na makosa yao," anasema. "Nikae kwenye benchi nisikilize."

Anapanga kwenda Desemba. Ruhusa ya siku sita ameshaiomba.

"Wakili aliuliza kama kuna msiba," anasema, akiliondoa blanketi mlangoni. "Nikamwambia hakuna msiba, kuna kwaya."