Pumzi za Tumelo

"Bibi, kwa nini unamhesabia mtu pumzi kabla ya kumpa majani?"

Nilimuuliza hivyo Bibi 'Mathakane, yaani Mama Thakane, nikiwa na miaka minane. Huyo Thakane sikuwahi kumwona. Bibi huuza lengana, majani ya dawa ya mafua, hapa Semonkong, na baridi ikishika, nusu ya watu hutembea na majani yake yamechomekwa puani.

Siku ile mama alimleta mdogo wangu Tumelo, wa miaka miwili, akikohoa. Bibi alifunua blanketi, akatazama kifua, akatazama saa.

"Hamsini na sita kwa dakika. Mpeleke zahanati."

"Nimekuja kuchukua majani, mama, siyo somo la hesabu!"

"Majani ni ya mafua, binti yangu. Hii imeshuka kifuani. Chukua farasi wangu, nenda sasa hivi."

Ilikuwa nimonia. Tumelo alitibiwa akapona, na siku hizi ananipiga chenga uwanjani.

Majuzi, tukianika majani, nilimkumbusha Bibi swali langu. Aligeuza fungu zima kabla ya kunijibu.

"Thakane wangu nilimpa majani tu. Sikumhesabia."