Mtoto Aliyeugua Bila Homa

Nilikuwa nimefundisha baiolojia miaka sita katika shule moja ya sekondari huku Makere kabla sijajaliwa mtoto wangu wa kwanza. Kila mwaka nilisimama ubaoni nikawaambia wanafunzi kwamba vijidudu vikiingia mwilini, mwili hupandisha joto ili upigane navyo. Wakaandika, nami nikawawekea alama za vema. Kwa hiyo siku ya nne baada ya kujifungua, mwanangu alipokataa ziwa, nilimgusa paji la uso, nikalikuta la baridi, nikashusha pumzi. Hana homa, nikajisemea. Labda ameshiba.

Mama mkwe wangu hakukubali. Yeye amezaa tisa, wa kwanza huko Burundi, waliobaki hapa hapa. Alimnyanyua mtoto, mkono wa mtoto ukaning'inia.

"Huyu mwana halali," alisema. "Amelegea. Kulala na kulegea ni vitu viwili."

"Mbona hana joto, mama?"

"Ndilo linalonitisha."

Mtoto akaanza kuguna kila anapotoa pumzi, sauti ndogo kama ya mtu mzima aliyebeba mzigo. Tukakimbilia zahanati, na ilikuwa bado asubuhi. Muuguzi alimvua nguo, akahesabu pumzi huku akitazama saa, akaweka kipimajoto kwapani, akakisoma mara mbili. Kisha akamchoma sindano pajani na kuandika barua.

"Mpeleke Kasulu sasa hivi," aliniambia. "Mweke kifuani, ngozi kwa ngozi, mfunike vizuri. Usipitie nyumbani."

Hospitalini alitupokea daktari, dada mdogo kuliko mimi kwa umri. Alisoma barua ya muuguzi, akamtazama mtoto kwa muda mfupi sana, akasema, "Mwalimu, ana maambukizi kwenye damu."

"Lakini ni wa baridi." Nilisema hivyo kama ninavyomsahihisha mwanafunzi. Hata leo naona aibu.

Hakukasirika. Huku akitafuta mshipa kwenye kiganja kilichokuwa kidogo kuliko kidole changu gumba, alinieleza kwamba kinga ya mtoto wa siku nne bado ni changa. Wengine huchemka. Wengine mwili hauna nguvu hata ya kupandisha joto, unapoa tu, na bakteria wanasafiri na damu hadi kwenye mapafu, hadi kwenye ubongo. Alichukua damu kidogo kwa ajili ya vipimo. "Majibu yatakuja, ila hatuyangoji," alisema. "Huyu hawezi kungoja." Wakamwekea maji yenye sukari, mpira wa oksijeni puani, na dawa mbili za kuua bakteria.

Kwenye kitanda cha jirani alikuwepo mama wa Kikongo kutoka kambi ya Nyarugusu, na binti yake wa siku sita. Binti huyo alikuwa amewaka moto. Mama yake aliwatazama watoto wetu, akanitazama mimi.

"Ya kwako iko baridi, ya kwangu iko moto sana," alisema. "Mbona banabachoma dawa moja?"

"Ni ugonjwa mmoja," nilimjibu.

"Weye ni mwalimu. Unaelewa?"

Nikamwambia sielewi.

Siku ya tatu pale wodini mama mkwe alikuja na uji, akamkuta daktari, akamuuliza vijidudu vimetoka wapi. Daktari alisema vinaweza kutoka kwenye njia ya uzazi, hasa kama chupa ya uzazi ilipasuka mapema na mtoto akachelewa kuzaliwa. Vinaweza pia kuingia kupitia kitovu, au mikononi mwetu. "Kwa mtoto huyu siwezi kuapa ni kipi," alisema.

Mama mkwe aliweka chupa ya uji chini, akatoka. Nilimfuata hadi barazani. Alikuwa ameshika ukuta.

"Nilimpaka samli kitovuni," alisema bila kunigeukia. "Ulikuwa umelala. Wanangu wote nimewapaka."

Nilitakiwa nikasirike. Lakini nami nilikuwa na langu. Maji yalianza kunitoka siku mbili kabla ya uchungu, nikajidanganya ni mkojo, nikakaa kusahihisha mitihani ya kidato cha nne ili nisiwaachie wengine. Sikuwa nimemwambia yeyote, hata mume wangu. Nikamwambia yeye.

Aliachia ukuta, akanigeukia. "Sasa ni nani kati yetu?"

"Sijui, mama."

"Na wewe umesoma!"

"Nimesoma. Sijui."

Asubuhi iliyofuata mwanangu aligeuza kichwa, akatafuta, akashika ziwa. Alivuta mara tatu, akapumzika, akavuta tena. Wakati huo huo wauguzi walikuwa wamezunguka kitanda cha jirani. Walikuwa wamembadilishia binti dawa jana yake, ile ya kwanza haikumsaidia. Nilisikia mtu akisema, "Pole, mama." Yule mama alimfunga mtoto katika kitenge, akaja kwangu, akamtazama mwanangu akinyonya.

"Mushike muzuri," aliniambia, akaondoka na ndugu zake waliokuja kumchukua.

Sisi tulimaliza sindano zote, siku kumi, tukarudi Makere. Muuguzi alinionya kwamba akikataa ziwa tena, au akipumua haraka, au akilegea, nisisubiri joto. Tangu hapo hajalazwa tena. Sasa anakimbiza kuku.

Jumapili ya kwanza baada ya kurudi, mchungaji aliniita mbele nitoe ushuhuda. Kanisa lilijaa. Walitaka niseme Mungu alisikia maombi yetu. Nami niliomba, kweli. Lakini yule mama naye aliomba. Nilimsikia kila siku, kwa Kiswahili chake na kwa Kifaransa, mkono juu ya binti yake. Nilisimama na mtoto mgongoni, watu wakingoja.

"Mtoto amepona," nikasema. "Asanteni."

Mchungaji akaningoja niendelee. Nikarudi kukaa.