Mjukuu wangu "anafukizaka", na binti yangu anangoja jibu

Admin, unifichie jina. Kambi yetu ni ndogo na midomo ni mingi.

Mimi ni mama wa miaka sitini na tisa. Zamani nilifundisha watoto kusoma katika vilima vya karibu na Ngungu, hadi vita viliponitoa. Nimezeekea chini ya turubai, ambalo huku tunaliita bashi. Ninaishi na mjukuu wangu wa miaka kumi na tano, nimwite Neema. Wazazi wake hatunao tena.

Corona ilipofunga shule na kanisa, wamama wa kambi walishika sana desturi ya kufukiza: sufuria ya majani ya mikaratusi inachemshwa, watu wanajifunika bashi pamoja na kuvuta mvuke. Mimi ndiye niliyemtuma Neema. Kila jioni rafiki zake walipita mlangoni: "Neema, twende tufukize!" Alirudi ananukia majani, macho mekundu, nami nikasema moyoni, dawa imeingia.

Juzi mafua yalinibana, nikawafuata nami nifukize. Nikainua bashi. Sufuria ilikuwepo na majani yalikuwepo, lakini maji yalikuwa baridi. Wasichana wanne walikaa goti kwa goti, barakoa zimeshushwa kidevuni, sigara moja ikipita mdomo kwa mdomo. Mkubwa wao, nitamwita Aline, hakushtuka hata kidogo, akaniita Koko, yaani bibi, kama vijana wote wa kambi.

"Koko, karibu! Corona inaogopaka moshi."

"Na ile mate munalishana, haiiogope?"

Walicheka mpaka bashi likatikisika. Neema peke yake hakucheka.

Nyumbani nilitarajia uongo. Akaniambia kweli, na kweli ikanishinda.

"Koko, mwanzo nilikataa. Wakaniita Mama Pasta. Wakaacha kupita hapa. Unakumbuka?"

Nilikumbuka. Zile siku alikaa mlangoni akichora udongoni kwa kijiti, nami nikadhani ni malaria.

"Masomo imefungwa, kanisa imefungwa. Nikiacha bale, nitabakia na nani? Na sasa hata nikikataa, mwili yenyewe njo inaitafuta sigara."

Nilimweleza habari za mapafu, polepole, kama nilivyokuwa nikieleza darasani. Alisikiliza vizuri, akaitika, hata akauliza maswali. Jioni sauti ikaita mlangoni: "Neema, twende tufukize!" Akaniangalia, akainama, akatoka. Ningemshikaje? Kati yangu na nyumba ya Aline kuna kitambaa tu. Nikigomba hapa, wanacheka kule.

Mlango mmoja tu ndio umebaki. Binti yangu, shangazi yake Neema, analima mihogo Kibua, upande wa Walikale. Amekubali kumpokea, na kuna jirani yetu mmoja anayeelekea huko Jumatatu. Kule hakuna Aline, hakuna bashi. Lakini nyumba yao ni chumba kimoja, na kitinda mimba wao ana pumu. Jana binti yangu alipiga simu, Neema akiwa karibu anasikia.

"Mama, nasikia babinti ba kambi banavutaka sigara. Mutoto wangu na hiki kifua chake, moshi itamumaliza. Unijibu mbele ya Mungu: Neema anavutaka?"

Kabla sijafungua mdomo, mtandao ukakatika. Sijui kama nilishukuru au nililia. Ameandika kwamba atapiga tena Jumapili.

Nikisema kweli, hatampokea, na Neema atabaki hapa, ambapo kila jioni anaitwa kwa jina lake. Nikisema hapana, huenda kule akaacha, huenda pia akajificha nyuma ya jiko akavuta, na mjukuu wangu mwingine akakosa pumzi kwa sababu ya neno langu. Wote wawili ni damu yangu.

Leo Neema alinichemshia majani mwenyewe, maji ya moto kweli safari hii, akanifunika blanketi vizuri. Nikiwa humo ndani, nikasikia sauti yake kwa nje:

"Koko, usidanganye kwa sababu yangu. Umuambie tu ninafukizaka."

Niliwafundisha watoto wengi maana ya maneno. Hili limenishinda: binti yangu atasikia mvuke wa majani, hapa kwa wasichana ni sigara. Ndugu zangu mnaosoma hapa, wazazi na vijana, nipeni shauri kabla ya Jumapili. Simu ikilia, nikajibu "mutoto anafukizaka", nitakuwa nimesema kweli au uongo?