Gari la Kimo cha Djamila

Siku Feruzi alipoingiza lile kasha uani kwake, majirani wa mtaa wa Panzi walisema ugonjwa umempata mke lakini wazimu umempata mume. Ndani ya kasha mlikuwa na bodi ya gari dogo lisilo na paa wala milango, vipande vipande. Mwalimu mmoja Mbelgiji aliliagiza ajiundie mwenyewe, kisha akarudi kwao bila hata kung'oa misumari ya kasha. Feruzi alikuwa amenyoosha bodi za magari ya watu maisha yake yote, na gari lake mwenyewe hakuwahi kuwa nalo. Sasa mvi zilikuwa zimejaa, mikono bado mizima, na sababu alikuwa nayo.

Sababu yenyewe ni Djamila, mkewe. Presha ilimpanda akiwa sokoni kwenye meza yake ya vitenge, akaanguka, na alipoamka upande wa kushoto ulikuwa hautaki kumtii. Akajifunza upya kutembea kwa fimbo, mguu wa kushoto ukibururwa. Ulimi ulibaki salama, na Feruzi alimshukuru Mungu kwa hilo, ingawa siku nyingine ulimi huohuo ulimchapa.

Mama yake Djamila, Maman Martine, alikaa Nyantende, mkongwe, macho yamezimika. Watoto wake walikubaliana wasimwambie habari za kupooza, maana moyo wake nao ulikuwa wa kuchungwa. Kila alipouliza, aliambiwa soko limembana Djamila. Mwanzoni aliamini, halafu akaacha kuamini. Mara ya mwisho alisema kwenye simu, kwa sauti ndogo:

“Mumuambie Djamila, kama alichoka na miye, iko sawa. Lakini aniambie yeye mwenyewe.”

Djamila alilia kutwa nzima. Jioni akafuta uso na kumwambia mumewe kwamba atakwenda, mama ayasikie kinywani mwake. Ila alikuwa na sharti. Teksi ilikuwa chini mno, akishaketi hainuki mpaka vijana wamvute. Jeep ilikuwa juu mno, hapandi mpaka vijana wamsukume.

“Sitaki mikono ya banaume iniinuwe mu barabara, Feruzi. Nilitoka kwa mama na miguu yangu. Nitarudi na miguu yangu, ao sitarudi.”

Feruzi alikwenda kesho yake kulichukua lile kasha.

Injini na ekseli ya nyuma alizitoa kwenye Corolla iliyogongwa. Ekseli ya mbele ilikuja na kasha, ya mtindo wa zamani. Hapo ndipo fitina ilipoanza, maana kitovu cha gurudumu la nyuma kilitaka bolti nne na cha mbele kikataka tano. Feruzi akaona isiwe taabu. Njia ya Nyantende mvua ikinyesha ni matope matupu, kwa hiyo alitafuta matairi makubwa yenye meno, mawili kwenye rimu za bolti tano, mawili kwenye za nne. Gari liliposimama juu ya matairi hayo, mtaa mzima ulitoka. Steve, jirani wa mbele, alilizunguka akipiga makofi, akaliita kifaru cha vita.

“Papa Feruzi! Hii iko char de combat!”

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Feruzi alilipaka rangi nyekundu, akalipiga picha kila upande, na ndipo akamkumbuka abiria wake.

Djamila alitoka amevaa kitenge chake kizuri, uso umemchangamka. Akaweka fimbo, akainua mguu wa kulia. Haukufika. Akajaribu tena, akishika ubavu wa gari, na kiti kikawa bado kiko kifuani. Steve, kwa roho njema kabisa, akanyoosha mikono amshike kiunoni.

“Acha, mutoto yangu,” Djamila alisema. Kisha akamgeukia mumewe, na hakupaza sauti. “Uliitengenezeya miye, ao ulijitengenezeya?”

Akarudi ndani. Watu wakatawanyika mmoja mmoja, kila mtu akikumbuka kazi aliyoiacha nyumbani. Feruzi alibaki amesimama na kitambaa mkononi, na aibu ilimwingia mpaka kwenye mifupa. Alikuwa amepima gari lote. Mke hakumpima.

Siku chache walizungumza mambo ya chumvi na mkaa tu. Hatimaye Djamila mwenyewe alimwambia wakatembee mpaka barabarani, miguu izoee. Walipofika kwa Nathanaël, kwado anayeziba matairi kando ya njia, Djamila alichoka. Pale hapakuwa na kiti. Palikuwa na matairi chakavu yaliyopangwa moja juu ya jingine, naye akayakalia, akafungua maji yake, akaanza kumtania Nathanaël kwamba misumari ya barabarani anaitega yeye mwenyewe. Alipomaliza kucheka alichomeka fimbo ardhini, akasimama. Peke yake, bila kushikwa, kama mtu aliyesahau kuwa anaumwa.

Feruzi aliyatazama yale matairi, kisha akamtazama mkewe.

“Ikala tena,” alimwambia.

“Nini?”

“Ikala tena, Maman Salima. Nakuomba,” alisema, akimwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza.

Akaketi, akasimama. Feruzi akamwongezea tairi moja jembamba chini yake, miguu ya mkewe ikaning'inia. Akaliondoa na jingine, Djamila akazama na kuhitaji mkono. Akarudisha lile la pili. Hapo hapo. Mzee wa watu alipiga magoti barabarani, akapima ule mlundo kwa kipande cha kamba, akakifunga fundo. Wapita njia walicheka. Djamila alimtazama utosini, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya rangi nyekundu akamwekea mkono begani.

Kamba ile ilikwenda kila mahali. Ili kiti kishuke mpaka kwenye fundo ilibidi matairi yawe madogo, na rimu ndogo zilizopatikana zilikuwa za bolti nne tu. Basi vitovu vya mbele vikapelekwa mtaa wa Kadutu kwa Télesphore, mchonga vyuma, atengenezee kila kimoja bamba nene la kufunga kwenye zile tundu tano na kubeba bolti nne mpya. La kwanza tundu zake zilikuwa zimepotoka kidogo mno, jicho halikuona, lakini gurudumu lilipozungushwa lilicheza kama jino bovu. Feruzi alilirudisha.

“Lakini papa, kwa mwendo yako, nani atasikia?” Télesphore aliuliza.

“Bibi yangu Djamila atasikia.”

Bamba likachongwa upya. Kwenye matairi nako Feruzi alikataa yale mapana yanayong'aa. Aliyapinda kwa vidole, akanusa mpira, akayaacha yote yenye nyufa. Akachagua membamba, yenye ubavu mrefu kidogo. Nathanaël alishangaa, akitaja matope. Feruzi akamwambia kwamba tairi pana huelea juu ya matope, jembamba huchimba likatafuta ardhi ngumu. Na gari likikwaruza tumbo, likwaruze, chuma hakilii.

Likakwaruza kweli. Waliondoka asubuhi baada ya mvua, mwendo wa kobe, na kila jiwe la njia ya Nyantende lilitaka kusalimia sakafu. Djamila alikaa mbele na kitenge chake kizuri, ameshika fimbo kama askari anavyoshika bunduki, akimwonyesha mumewe mashimo ambayo tayari wamo ndani yake.

Maman Martine alikuwa ameketi mlangoni kwake, mkeka chini, akichambua maharage kwa vidole. Gari likazima. Feruzi aliruka nje aende upande wa pili, akajizuia. Djamila aligeuka kwenye kiti, akashusha miguu, ikagusa ardhi yote miwili. Akachomeka fimbo, akasimama. Hakuna mkono uliomgusa.

Akaanza kutembea. Fimbo, mguu, na ule mwingine ukibururwa kwenye changarawe. Maman Martine aliacha maharage. Akainamisha kichwa kusikiliza, na uso wake ukabadilika polepole.

“Djamila?”

“Ni miye, mama.”

“Mbona unatembea vile?” Djamila alifungua kinywa aanze maneno aliyoyapanga njiani. Mama yake hakuyasubiri. Machozi yalikuwa yanamtoka tayari. “Mungu wangu. Kumbe ulikuwa mugonjwa. Na miye nilisema umenichoka. Ni mguu gani?”

“Wa kushoto.”

“Kuya karibu. Leta huo mguu hapa.”

Djamila akajishusha polepole kwenye kigoda kilichokuwa kando ya mkeka. Mama yake akapapasa mpaka akaukuta ule mguu, akauvua kiatu, akaupakata mapajani, akaita aletewe mafuta ya mawese.

Feruzi alirudi kwenye gari. Bolti mpya hukazwa tena baada ya mwendo wa kwanza, kila fundi anajua. Akatoa spana, akapiga magoti kwenye gurudumu la mbele, akakaza ya kwanza na ya pili. Ya tatu hakuiona vizuri, akangoja kwanza macho yakauke.