Lori la Mafunjo la Sakafu Mbili

Marie-Louise aliingia Bwera, upande wetu wa Uganda, mwaka wa sitini na nne, vita vilipochacha upande wa Kongo, akiwa na kiti kichwani. Wengine walibeba magodoro, wengine mbuzi. Yeye alibeba kiti kidogo cha mtoto, kwa sababu kule Beni alikuwa akifagia darasa la watoto wadogo kwa masista, na risasi zilipoanza hicho ndicho alichokuwa amekishika. Mto Lhubiriha wa mpakani ulikuwa umejaa. Alipofika katikati akachoka, akakitua kiti juu ya maji, akakaa, akapumzika, kisha akaendelea na safari. Kuna watu wanabisha. Hao hawakuwepo. Mimi pia sikuwepo, lakini kiti nilikiona, na miguu yake ilikuwa bado imelowa.

Nilikuwa nauza unga wa muhogo nyuma ya soko la Bwera, na kibanda chake kikaota kando ya changu kama uyoga. Hakuuza kitu. Kazi yake ilikuwa kushika watoto wa wenye kuuza. Mama anamwacha mtoto asubuhi, anamchukua jioni, anaacha samaki, au maharage, au asante.

Nawaambia, wajukuu zangu, watoto wa sokoni ni wabaya kuliko siafu. Kabla Marie-Louise hajaja, kuna mmoja aliyeuza mbuzi wa mama yake, na mnunuzi alikuwa mama yake. Yeye akasema hawa hawahitaji fimbo, wanahitaji kazi ya mikono. Akawakalisha chini, akaanza kuwafundisha yale aliyoyaona kwa masista kupitia mlangoni, akiwa na fagio.

Walisokota maganda makavu ya mgomba wakafanya mipira. Mmoja ulipigwa teke na mtoto wa muuza chumvi, ukavuka mpaka, ukarudi baada ya mvua za masika ukiwa na matope ya Kongo. Walifanya wanasesere wa maganda hayohayo, nywele zao ndevu za mahindi. Walifinyanga ng'ombe wa udongo wa mtoni na kuwaanika juu ya ungo wangu bila kuniomba. Ng'ombe wale walikuwa ng'ombe kweli. Nilikuwa sithubutu kuweka majani karibu.

Lakini kazi waliyoipenda kuliko zote ilikuwa malori ya mafunjo. Funjo unalimenya ganda la kijani, ndani kuna kiini cheupe, chepesi, kinakatika kwa kisu butu, kwa hiyo hata mtoto wa miaka minne anakata na vidole vyake anabaki navyo. Vipande unavishona kwa miiba. Magurudumu ni soli ya kandambili iliyokufa, ekseli ni kijiti cha fagio. Pale mwiba unapokataa, unapaka ulimbo wa fenesi. Ulimbo wa Marie-Louise ulikuwa mkali. Nzi aliyetua juu yake alizeekea hapo.

Mafunjo hayaoti Bwera. Yalikuja kutoka Kasenyi, kwenye ziwa, juu ya lori la Muhamood.

Muhamood alikuwa Mwislamu, mwenye lori la samaki, nyumba yake Kasese upande wa Nyamwamba. Mke wake alifariki mtoto akiwa bado ananyonya, na ndugu zake wote walikuwa mbali, basi mtoto huyo, Aminah, alikulia ndani ya lori. Mimi nilimjua akiwa na miaka sita. Alikuwa msichana wa maneno machache. Alikuwa anatazama. Akitazama kitu mara moja, kesho anakitengeneza. Siku ya soko lori lao lilifika kabla ya jua, baba anamshusha na mzigo wa mafunjo, anasema, "Mama Marie-Louise, nakuachia roho yangu," kisha anakwenda kupanga foleni kwenye kizuizi cha barabara ya mpakani.

Sasa hapa pana jambo moja la kibanda kile mlijue. Sisi Wakonzo, na ndugu zetu Wanande wa ng'ambo, mtoto hachaguliwi jina, anahesabiwa. Binti wa kwanza ni Masika, wa pili ni Biira, mvulana wa tano ni Thembo, na kadhalika mpaka mama achoke. Marie-Louise, kwa kuwa hakuzaa, alihesabu wale alioletewa. Msichana wa kwanza kufika asubuhi ndiye Masika wa siku hiyo. Anayefuata ni Biira. Mtoto akijibu kwa jina la nyumbani, ananyang'anywa ulimbo hadi jioni. Watoto wakaishika hiyo sheria kuliko ile ya Musa. Na kwa kuwa lori la Muhamood lilitangulia siku zote, Aminah alikuwa Masika siku zote.

Ile ilikuwa miaka ya magendo. Kahawa kwetu haikuwa na bei, Kongo ilikuwa na bei, na kati yetu palikuwa na kizuizi na askari. Lori la Muhamood lilikuwa na sakafu mbili. Juu samaki wa kukaushwa, wananuka mpaka ndege wanabadilisha njia. Chini, kati ya ubao na ubao, kahawa. Soko zima lilijua, na kwa kuwa soko zima lilijua, hapakuwa na haja ya mtu kusema. Siku zile aliyekamatwa na kahawa hakupelekwa kwa hakimu. Alipandishwa gari la jeshi, na watu wake wakarudishiwa viatu.

Mwaka wa sabini na sita akaletwa afande mpya, Yonasani, mtu wa mbali, hakujua Lhukonzo hata salamu. Alikuwa na mtoto wa kiume, Mugenyi, na mke wake alikuwa amejifungua mwingine, basi siku ya soko askari mdogo akatumwa amlete Mugenyi kibandani. Alifika wa tano kati ya wavulana. Akawa Thembo. Askari hakuelezwa, na hakuuliza.

Siku hiyo Aminah alitengeneza lori. Nilimwona anakata, anashona, anapaka. Sikutilia maanani. Walipomaliza wakaanza kucheza kizuizi, maana watoto huchezea kile wanachokiona, na watoto wa Bwera hawakuwa na kingine cha kuona. Wakafunga kamba ya katani mbele ya unga wangu. Upande huu Uganda, upande wa pili Kongo. Mbegu za mbarika ndizo kahawa. Mugenyi akawa askari, maana alizijua amri kutoka nyumbani. Simama, shuka, fungua. Alipekua lori la Biira, akakuta kahawa, akachukua. La Kakule, mvulana wa nne, pia. La Masika akalikagua juu na chini, akakuta vipande vya majani ambavyo ni samaki, akaruhusu. Masika akavuka kamba, akafika Kongo, akachomoa mwiba mmoja kwa nyuma, na mbegu zikamwagika chini kama mvua ya mawe.

Wakarudia. Ikawa vilevile. Mugenyi akalia, na alikuwa na sauti ya baba yake. Afande Yonasani akaisikia kutoka kwenye kizuizi, akaja.

Mtoto akamshtakia. Afande akalichukua lile lori, akaligeuza, akachomoa mwiba, akatazama sakafu ya chini. Ulimbo ulikuwa haujakauka. Akatazama tena. Mimi nikashika kibaba cha unga nikaanza kumpimia mteja ambaye hakuwepo.

"Nani natengeneza hii?"

Aminah akasema ni yeye.

"Nani nafundisha wewe kuweka chini mbili?"

"Hakuna mutu. Niliona kwa lori ya baba."

Watoto wakaacha kukata. Hata wale ng'ombe wa udongo walikuwa wametulia zaidi. Nilimtazama Marie-Louise. Alikuwa anasokota kamba ya mgomba, na alikuwa anaisokota kinyume. Muhamood alikuwa kwenye foleni, mahali ambapo ukirusha jiwe unampata, na kama angepatikana, yule mtoto asingebaki na mtu mwingine duniani ila mafunjo.

"Wewe jina nani?"

"Masika."

"Na baba yako ni nani?"

Aminah akamtazama Marie-Louise, akautazama ulimbo, akafikiri. "Baba ya Masika."

Afande akawageukia watoto wengine, akauliza huyu anaitwa nani. Wakajibu kwa pamoja, na kwa ukweli wote wa mioyo yao, kwamba ni Masika. Akamuuliza mtoto wake mwenyewe. Mugenyi akafuta kamasi akasema, "Masika." Hakutaka kukosa ulimbo.

Marie-Louise akasimama. Alikuwa mfupi, lakini siku hiyo alisimama kwa muda mrefu.

"Afande, mutoto nitamubakisha hapa, haende popote. Mikono yake yote iko na ulimbo, ukimubeba atakushika. We tafuta baba, umulete, mutoto atamuonyesha."

Afande akaona ni sawa. Baba mwenye lori, lori liko foleni, foleni iko kwake. Akasema shangazi huyu ana akili. Akataka kuliweka lori la mafunjo mezani. Lori likakataa. Lilikuwa limemshika kiganjani. Akatikisa mkono, gurudumu moja likazunguka, basi. Akaondoka nalo.

Nilimfuata kwa nyuma, unga nimeuacha kwa ng'ombe. Akasimama mbele ya foleni, askari wake nyuma yake, mkono umeinuliwa na lori juu ya mkono, akapaza sauti kwamba baba wa Masika ajitokeze.

Wakajitokeza. Hapakuwa na ujanja wala mapatano. Watu waliulizwa, wakajibu. Madereva wakashuka. Wapakizi wakaacha magunia. Jean-Bosco wa vitunguu, baba wa Masika. Fidèle aliyetoka Butembo na sabuni, baba wa Masika. Mzee mmoja aliyekuwa anapita na mzinga wa nyuki akasimama naye, akaeleza kwamba Masika wake ni mtu mzima, ameolewa Bulembia, lakini kama serikali inamhitaji baba, yeye yupo. Waliokuwa ndani ya soko wakasikia, nao wakatoka. Foleni ya akina baba wa Masika ikawa ndefu kuliko foleni ya malori, ikapinda kwenye machinjio. Naambiwa wengine walivuka kutoka Kongo, wakidhani kunagawiwa sukari.

Afande akadhani anachezewa. Akaamuru malori ya hao wote yang'olewe sakafu. Askari wakaanza kung'oa. Ya vitunguu, vitunguu. Ya sabuni, chini yake kulikuwa na barabara. Jua likapanda. Magari yakazidi kujazana, hayaendi mbele wala nyuma, na katikati ya njia limesimama lori la samaki, na jua linafanya samaki wafanye kazi yao.

Akafika kwa Muhamood. Muhamood alikuwa ameshuka, kofia yake mkononi. Alikuwa amekwisha kuiona ile kazi ya mafunjo kwenye kiganja cha afande. Mkono wa mwanawe aliujua. Uso wake ulikuwa na rangi ya unga wangu.

"Wewe pia baba ya Masika?"

Nawaambia, pale moyo wangu ulitoka, ukaenda ukasimama upande wa pili wa barabara. Muhamood alisema kweli tupu.

"Hapana, afande. Miye ni Mwislamu. Wangu anaitwa Aminah."

Afande akaziba pua kwa mkono usio na lori.

"Kama si baba ya Masika nasimama hapa kufanya nini? Toa hii takataka. Naziba njia."

Kamba ya kizuizi ikateremshwa. Lori la Muhamood likapita, sakafu zote mbili.

Mchana afande akarudi kibandani, lori bado kiganjani, akakaa chini bila kukaribishwa. Marie-Louise akamsugua kwa mawese na majivu hadi likaachia. Hakuna aliyemuuliza kuhusu baba. Yeye akauliza jambo moja tu, kwa nini katika nchi hii watu wote wana binti mmoja. Marie-Louise akamueleza habari za kuhesabu, pole pole, kama anavyoelezwa mtoto wa miaka minne. Habari za sheria ya kibanda hakuzigusa. Afande akasikiliza, akamtazama Aminah, akaitazama barabara iliyokuwa sasa tupu. Akamtazama tena Aminah. Kisha Mugenyi akamvuta mkono akasema naye anataka lori la chini mbili, na baba yake akachukua kisu, akaanza kumenya funjo. Alikata vibaya. Aminah akamwonyesha.

Muhamood alirudi kutoka ng'ambo jua likizama. Alipanda nyuma ya lori, akang'oa ile sakafu ya juu, ubao kwa ubao, akazileta kwa Marie-Louise pamoja na misumari yake. Tangu siku hiyo alibeba samaki peke yao, na alikonda.

Mbao zile Marie-Louise alizifanya benchi, kwa sababu kiti kimoja hakitoshi watoto. Lilikuwa benchi zuri, ila linanukia kahawa. Wiki iliyofuata afande akaja kumchukua Mugenyi, akalikalia. Akanusa. Akapitisha mkono chini ya ubao, akaunusa mkono. Akamuuliza Marie-Louise mbao hizi alipewa na nani.

"Na baba ya Masika," akasema Marie-Louise, akampa mwiba ashikilie.