Pikapu Iliyovuta Kibanda cha Chai

Karakana yangu ya makochi iko Ziwani, kando ya uwanja mdogo ambapo wenye pikapu za kukodiwa huegesha wakisubiri watu wanaohama nyumba. Nashona huku mlango ukiwa wazi ili nipate mwanga, na kwa sababu hiyo nimesikia karibu kila kitu ambacho binadamu anaweza kusema kuhusu pikapu. Mimi pia ninayo moja, ya kupelekea wateja viti vyao, lakini ni ndogo kiasi kwamba hakuna aliyewahi kunialika rasmi kwenye ubishi. Walinifanya mwamuzi. "Fundi, hebu sema wewe," waliniambia kila mara, halafu hawakungoja niseme.

Mabingwa wa ubishi walikuwa wawili. Mmoja alikuwa mstaafu wa reli, mtu mnene, mpole katika mambo yote isipokuwa magari. Pikapu yake ilikuwa nyeusi, kubwa, ya milango minne, na iling'aa hata msimu wa vumbi. Alikuwa na kofia ya kampuni iliyoitengeneza pikapu hiyo, kishikio cha funguo cha kampuni hiyo, na mwavuli. Mwenzake aliishi mtaa wa Lucky Summer, mtu wa makamo, mwembamba, mwenye pikapu nyeupe ya milango miwili iliyokwisha kuhamisha nusu ya mitaa ya Eastlands. Ilikuwa ya tatu ya aina hiyohiyo maishani mwake. Alimchukua bibi harusi wake kwa ile ya kwanza, watoto wakaenda kubatizwa kwa ya pili. Majina ya kampuni zenyewe sitayataja. Zilitangazwa vya kutosha pale uwanjani, tena bure.

Waliketi kila asubuhi kwenye benchi la kibanda cha chai kilichokuwa ukingoni mwa barabara. Mwenye kibanda alikuwa mama kutoka Vihiga, asiye na maneno mengi, ambaye chapati zake zilikuwa sababu ya wengi wetu kufika kazini mapema. Kibanda hicho ndicho kilicholipia chumba chake na kuwasomesha watoto wake. Hakuwa na kitu kingine.

Kisha ikaja alama nyekundu. Barabara ilikuwa inapanuliwa, na kijana mmoja wa mkandarasi, aliyevaa ovaroli, alipita akichora X kwenye kila kilichosimama karibu mno na lami. Alimwambia mama kwa upole kwamba tingatinga lingefika Jumamosi, na litakachokikuta hapo litakiondoa.

Mama hakulia. Siku hiyohiyo alikwenda kanisani kwake, juu ya kilima kifupi nyuma ya uwanja wetu, akaomba nafasi ndani ya ua, akapewa. Shemeji yake, mchomeleaji wa Industrial Area, alikuja na ekseli ya gari lililokufa, akaifunga chini ya kibanda pamoja na nondo nene ya kuvutia. Kukikata vipandevipande na kukiunga upya kungechukua siku ambazo mama hakuwa nazo. Lori la kreni nalo halingeweza kupita kwenye njia ya kanisani, kwa sababu ilikuwa nyembamba na nyaya za umeme zilining'inia chini. Kwa hiyo kibanda sasa kilikuwa na magurudumu, na kilichokosekana ni wa kukivuta.

Nilishuhudia nyuso za wale wawili walipoelewa jambo hilo. Baada ya maneno ya miaka yote, hatimaye ulikuja mtihani.

"Mama, wewe usihangaike," mstaafu wa reli alisema. "Hii yangu ikivuta, utadhani kibanda kinasukumwa na malaika."

"Malaika gani, mzee?" wa Lucky Summer akadakia. "Hiyo imezoea kubeba mkate na miwani ya jua. Kuvuta ni kazi ya gari lililozoea jasho."

"Kijana, injini yako ni ndogo kuliko sufuria ya mama."

"Na sufuria ya mama inatulisha sote hapa. Hiyo yako inamlisha nani?"

Mama aliwamiminia chai, akasema jambo moja tu: "Jumamosi asubuhi. Msichelewe."

Hawakuchelewa. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, na njia ya kanisani, ambayo ni udongo wa murram tupu usio na lami, ilikuwa imelainika kama uji. Nilipofika niliwakuta wote wawili wakipunguza uzito wa magari yao. Mmoja alitoa sanduku la vifaa, mwenzake akatoa gurudumu la akiba. Wa reli akatoa zulia la nyuma. Wa Lucky Summer akatoa kamba zake zote na turubai, kisha akachukua ufagio akafagia hata mchanga. Walifanya hivyo huku wakitazamana pembeni, kila mmoja akihakikisha mwenzake hamzidi kwa wepesi. Mimi nami, mwamuzi, niliona ni jambo la busara kabisa.

Pikapu nyeusi ilianza, kwa heshima ya umri. Tulifunga mnyororo, tukashika mawe ya kuzuia magurudumu ya kibanda yasirudi nyuma, na watu wakajaa kando ya njia. Juu, kwenye uzio wa kanisa, akina mama waliokuwa wakisafisha kanisa kwa ajili ya Jumapili walisimama na mifagio yao kutazama. Injini ilinguruma vizuri sana. Kibanda kilisogea, kikapanda kidogo, kisha magurudumu ya nyuma ya pikapu yakaanza kuzunguka pale pale yakiturushia matope.

"Weka fo-wili!" mtu alipiga kelele.

Mstaafu alitazama mbele.

"Mzee, fo-wili! Weka fo-wili!"

Dirisha likashuka polepole. "Haina," alisema.

"Haina nini?"

"Haina fo-wili. Ni tu-wili, magurudumu ya nyuma tu."

Kicheko kikalipuka hadi kwenye uzio wa kanisa. Dereva mmoja kijana alilazimika kumshikilia mwenzake asianguke. "Buda, miaka yote hii!" alisema akifuta machozi. "Na sisi tulikuwa tunakuogopa!"

Wa Lucky Summer hakucheka. Alikuwa ameshafungua mnyororo na alikuwa na haraka ya kushinda. Akaufunga kwake, akaingia, akatoa mkono dirishani kama mtu anayekwenda ng'ambo. Pikapu nyeupe ilipanda hadi pale pale ilipokwamia nyeusi, labda hatua moja zaidi, kisha, kwa kuwa nayo ilikuwa tu-wili, mkia wake ukaanza kucheza kushoto na kulia. Harufu ya klachi inayoungua ikatanda. Akarudi chini kinyumenyume, mkono ukiwa ndani.

Hapo tukalisikia tingatinga. Lilikuwa upande wa chini wa barabara, likisawazisha mahali palipokuwa na meza ya fundi viatu, ambaye alikuwa amehama siku iliyotangulia. Ungedhani sauti hiyo ingetuharakisha. Badala yake ubishi ulianza upya kwa nguvu zote. Mmoja alilaumu tairi, mwingine akalaumu udongo, wa tatu akasema magari ya zamani yalikuwa na chuma cha kweli. Mstaafu wa reli alidai kwamba gari lake lilishindwa kwa heshima. Wa Lucky Summer alitaka ile hatua moja ipimwe.

Mama alikuja akasimama katikati yao, mikono ikiwa imeshika leso kiunoni.

"Huko nyuma kwenye hayo magari kuna nini?" aliuliza.

"Hakuna kitu, mama," wa Lucky Summer akamjibu kwa fahari. "Tumetoa kila kitu ili yawe mepesi."

"Ndiyo maana," mama alisema. "Kwetu, siku ya soko mvua ikiwa imenyesha, dereva haondoki chini ya kilima mpaka nyuma kujae. Nilifikiri ni tamaa ya nauli tu. Siku moja abiria tukamlazimisha aondoke tukiwa wawili. Tulirudi kinyumenyume hadi mtoni." Akageuka, akainua sauti ambayo sikujua kwamba anayo. "Akina mama! Acheni mifagio, mje mpande!"

Milango ya nyuma ya pikapu zote mbili ilifunguliwa kwa wakati mmoja. Wenye magari walisimama kando, kila mmoja akionyesha kwa mkono kama mwenye hoteli. Mama alizitazama jinsi anavyotazama unga kabla ya kuukanda. Ile nyeusi ilikuwa kubwa kweli, lakini viti vya ndani vilikuwa vimekula nafasi ya nyuma.

"Baba, injini yako naiheshimu," alimwambia mstaafu. "Lakini pa kukaa ni padogo. Uzito wa watu waliokaa ndani kwenye makochi utanisaidia nini?"

Akachagua nyeupe.

Akina mama walipanda wakikanyaga kreti ya soda, wengine wakiwa na mifagio bado. Walipangana kwa ukali wa watu waliozoea kupangana kwenye kwaya: walio wazito nyuma kabisa, wembamba wakae mbele. Wa Lucky Summer alichuchumaa akayatazama magurudumu yake, akatikisa kichwa. "Bado kidogo. Tunahitaji mtu mmoja mzito."

Macho yote yakahamia upande mmoja.

"Msinitazame mimi," mstaafu wa reli alisema.

"Baba," mama alimwambia. "Tafadhali."

Tingatinga lilikuwa limekaribia kiasi kwamba mama alilazimika kulisema neno hilo mara mbili. Mzee alivua kofia yake ya kampuni, akaenda akaiweka ndani ya gari lake, akafunga mlango kama mtu asiyetaka mtoto aone. Kisha akapanda. Pikapu nyeupe ilishuka nyuma kwa mlio, ikatulia.

"Karibu nyumbani, mzee!" dereva alipaza sauti.

"Endesha gari, kijana. Mimi sipo hapa."

Tukaanza. Nilitembea nyuma ya kibanda na jiwe langu mikononi, pamoja na shemeji wa mama na jiwe lake, na kila mara kibanda kiliposita tuliyasukuma mawe chini ya magurudumu. Akina mama walianzisha wimbo kwa lugha yao, wa mpigo wa kutembea. Lakini aliyetuongoza alikuwa mzee wa reli. Yule aliyekuwa hayupo aligeuka kamanda. "Gia ya kwanza! Usiguse klachi! Mwache ajivute mwenyewe, mwache!" Alikuwa akilibembeleza gari alilolitukana miaka yote, tena kwa sauti ya mtu anayemwongoza ng'ombe wake kwenye daraja.

Tulipofika pale pabaya, tairi zilianza kuteleza. Niliinama na jiwe tayari.

"Egemeeni nyuma!" mzee akapiga kelele. "Wote! Nyuma!"

Mifagio, vitambaa vya kichwa na mabega, vyote vikaegemea nyuma pamoja. Nilisikia tairi zikiushika udongo. Kibanda kikasogea, kikasogea tena, kikapita ile hatua iliyogombaniwa, kikapita mti uliokuwa langoni pa kanisa, na vigelegele vikaanza kabla gurudumu la mwisho halijaingia uani. Watu waliokuwa kando ya njia walikimbia kutufuata. Madereva ambao asubuhi hawakuwa upande mmoja kwa jambo lolote walikuwa wakipigana makofi mgongoni. Mzee alisaidiwa kushuka, akaipiga pikapu nyeupe mbavuni mara moja, haraka, akidhani hatuoni.

Chini, tingatinga lilipita mahali pa kibanda. Palikuwa na majivu tu na alama ya miguu ya benchi. Lilipasawazisha likaendelea na safari yake.

Mama hakulitazama. Alikuwa akikizunguka kibanda chake akikigusa kila upande, na alipofika mbele akasimama. Dirisha la kuuzia lilikuwa limeelekea ukuta wa kanisa.

"Sasa hapa nitamuuzia nani?" alisema. "Geuzeni."

Tuliguna sote, madereva, mchomeleaji, akina mama na mimi. Halafu tukakunja mikono ya mashati, na kwa kuwa magurudumu yalikuwa yamezama uani, tukashika pembe nne, tukakiinua. Mstaafu wa reli na wa Lucky Summer walishika pembe moja na kugombana njia nzima juu ya nani anainua na nani anashikilia tu. Kilipotua kikielekea lango, mama aliingia, akakoleza makaa, akasukuma dirisha juu na kuegemeza viwiko kwenye ubao.

"Wa chai wapange foleni hapa," alisema. "Wa kubishana wakabishanie nje ya lango. Humu ni kanisani."

Walipanga foleni wote.