Mapatano ya Kiti

Mama huyu hakuwa mama yangu. Alikuwa mama mzazi wa madam, mwajiri wangu, bibi wa miaka themanini na ushee, na kazi yangu kule Al-Naseem, Riyadh, ilikuwa kuhakikisha haanguki. Damu haimfikii vizuri kwenye ubongo, daktari alisema, ndiyo maana akiinuka ghafla nyumba nzima inamzunguka. Kwa hiyo tuliinuka kwa awamu: anageuka ubavu, anakaa ukingoni mwa kitanda, anashusha miguu, nahesabu hadi thelathini. Halafu narudia, maana sijiamini.

"Mimi ni noti za benki?" alikuwa akiniuliza.

Shida ilikuwa sala. Mara ya mwisho alianguka akiinuka kutoka kusujudu, akapasuka juu ya jicho. Daktari akaamuru asali akiwa ameketi kitini. Madam akanunua kiti. Mama akakifanya cha kuanikia mitandio.

Kabla ya Uarabuni niliuza mitumba soko la Gikomba, na mteja hakuondoka kwangu na bei aliyokuja nayo. Basi nikaanza. "Mama, adhuhuri na alasiri ukae kitini. Alfajiri usali chini."

"La."

"Basi zote kitini, ila Ijumaa uko huru."

Akanitazama kama nimempimia nyanya mbovu. "Unamwomba Mungu apunguze, binti?"

Uso ulinichoma. Mkristo wa Krismasi na Pasaka, nakata bei ya sala za mtu! Lakini sikuondoka, naye akafikiri.

"Haya. Zote tano nitakaa kitini. Na kila nikisali, nawe usali, kwa namna ya kwenu."

"Halas, tumepatana," nikajibu haraka, kama niliyepewa koti la ngozi kwa bei ya soksi.

Tangu siku hiyo alikaa kitini. Mimi niliinamisha kichwa kando ya kitanda, macho nimefumba, nikiwaza kama vitunguu vitatosha. Hakuanguka tena.

Kisha tukaenda Jeddah, kwa binti yake mwingine anayekaa Al-Rawdah. Kiti tulikibeba. Magharibi ilipoingia, wadogo wawili wa Mama waliokuja kumsalimu wakatandika miswala yao. Mama akawatazama, akakitazama kiti, akakisukuma kando.

"Mama," nikanong'ona, "tulipatana."

"Tulipatana, na wewe umelipa lini?" Hakunong'ona. "Anayesali midomo humcheza. Yako hucheza ukiwa sokoni tu."

Wadogo zake wakacheka hadi wakafunika midomo. Afadhali angekasirika. Alisema kwa upole, kama mtu aliyejua siku zote akaamua kunistahi. Sala ngapi alikuwa ameketi pale akilipa peke yake? Na sasa mkono wake ulikuwa unatafuta ukuta, magoti yameanza kukunjika. Nilikujua kuyumba kule.

Nikakirudisha kiti nyuma yake. Nikapiga magoti pembeni, mbele ya wageni, nikaanza sala niliyofundishwa utotoni, kwa sauti ya chini, midomo ikionekana. Katikati nikasahau mstari. Nikarudi mwanzo. Sikuthubutu kufumbua macho, ila nilisikia kiti kikilia chini ya uzito wake.

Walipomaliza nilikuwa bado chini, sijui niwatazameje. Mkono wake ukatua kichwani kwangu.

"Inuka polepole, binti," akasema. "Hesabu kwanza."